Risala ya Chumba Namba 11 Kuhusu Moja ya Shangazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu za Vizazi na Vifo. Mkuu wa kituo chetu. Wafanyakazi wenzetu wa juu na wa chini. Na wewe Shangazi, uliyekwenda kukaa safu ya nyuma ilhali kiti chako tumekiweka mbele:

Shikamooni mnaostahili, na wengine habari za asubuhi.

KARIBU

Karibu Chumba namba 11. Wageni wengi huishia kaunta ya chini, wakapokea vyeti vyao na kuondoka bila kujua kwamba vimechapwa juu ya vichwa vyao. Wewe umepanda ngazi. Tunashukuru.

Chumba unakiona kilivyo. Meza sita, kompyuta sita, wanawake sita, na madirisha mawili ambayo moja halijafunguka tangu lipakwe rangi. Rangi ya kuta ni mpya na imekauka jana, kwa hiyo tunakuomba usiegemee. Maua yaliyo mbele yako tumeyaazima kwa dada wa mapokezi na yatarudi kwake saa sita.

Tumeambiwa umekuja kuzindua mfumo mpya. Tuseme ukweli: mfumo una miezi sita tangu uanze kazi, na utepe utakaoukata tumeufunga leo asubuhi. Hatulalamiki. Mtoto naye huzaliwa kwanza, cheti kikafuata. Tunaomba dakika kumi na tano tu tukueleze jinsi tulivyohama kutoka Windows kwenda Linux, tulichokiacha nyuma, na tunachoogopa kukiacha.

HISTORIA FUPI

Kazi ya chumba hiki haijabadilika tangu kijengwe. Makarani wa zamani waliandika waliozaliwa na waliokufa kwa kalamu, kwenye madaftari makubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba mawili. Sisi tunausoma mwandiko wao na kuuchapa, ili mtu akija kuulizia cheti cha baba yake asiambiwe tungoje mtu mwenye macho mazuri.

Wa kwanza kukaa hapa kati yetu ni Shangazi. Kwa damu ni shangazi wa mmoja wetu tu, yule wa meza ya dirishani. Sisi wengine tumemrithi. Alituajiri? Hapana. Alitufundisha. Kila mmoja wetu alikuja na cheti chake cha chuo cha uhazili, Shangazi akakipokea, akakiweka pembeni, akatoa kitambaa cha kijani mkobani. Kitambaa hicho alikuwa akikitandaza juu ya mikono yako na vitufe vyote vya taipureta, usione kitu, halafu anasema, "Andika. Macho ni ya karatasi. Vidole vina njia yao." Ukikosea hakukugombeza. Alikuwa akifunua kitambaa, anakuonyesha kidole kilichopotea, anakifunika tena.

Tunazikumbuka taipureta. Kila mstari ulipofika mwisho kengele ililia, na sita zikilia kwa kupishana ungedhani kuna harusi ya baiskeli. Tunaikumbuka karatasi kaboni, ambayo ilikuwa ikitufuata mpaka nyumbani. Watoto wetu walituonea haya langoni mwa shule kwa sababu tulikuja kuwachukua tukiwa na doa jeusi kidevuni. Leo watoto hao wana watoto, na wanatuuliza taipureta zile ziko wapi. Tunawajibu kwamba moja iko kwa Shangazi, juu ya kabati, chini ya kifuniko alichokishona mwenyewe.

Kisha zikaja kompyuta, na ndani yake Windows. Siku ile watano tulisimama ukutani kama watoto wanaongoja sindano. Shangazi akakaa. Akakishika kipanya, akakipeleka mezani huku na huku, kishale kikatoroka nje ya skrini, akasema, "Huyu panya ana njaa, tumfundishe kazi." Akatufundisha kwa mchezo wa karata uliokuwa ndani ya mashine, maana mchezo ule hauendi mpaka ujue kushika, kuvuta na kuachia. Mkuu wa kituo wa wakati huo akaingia mchana, akatukuta wote sita tunapanga karata. Shangazi hakusimama. Alimweleza kwamba tunazoeza mikono. Ilikuwa kweli, ingawa kufikia mwezi wa tatu mikono ilikuwa imekwisha kuzoea.

Tuliishi na Windows miaka mingi. Ule mlio wake wa kufunguka asubuhi, mashine sita, kila moja nyuma kidogo ya mwenzake, ndio uliokuwa unatuambia siku imeanza. Na kile kilima cha kijani chenye mbingu juu yake! Hatukujua kiko nchi gani, lakini wengine wetu tumekitazama saa nyingi kuliko tulivyowatazama waume zetu. Mwenzetu mmoja alikwenda likizo ya uzazi mara mbili, na mara zote mbili alirudi akakuta nyasi hazijakua.

MAFANIKIO

Mwaka huu tuliambiwa kwamba Windows tuliyokuwa nayo muda wake wa kuhudumiwa umekwisha, na ile mpya haiwezi kukaa kwenye mashine za umri huu. Akaja fundi kutoka makao makuu, mwanamke mwenye suruali ya mifuko mingi, akiwa na kijiti cha kumbukumbu kidogo kuliko kidole. Kwenye kijiti kulikuwa na picha ya ndege mweusi mwenye tumbo jeupe. Tukamuuliza ni bata wa nini.

"Si bata, mama. Ni pengwini. Ndiyo alama ya Linux."

"Anaruka?" aliuliza Shangazi.

"Haruki."

"Anaogelea?"

"Anaogelea."

"Basi ni bata. Mweke ndani tumwone."

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, mfumo unaouzindua leo hapa ndani unaitwa Bata. Usishtuke ukisikia mtu anasema Bata amelala au Bata amegoma.

Mafanikio ni haya. Mashine iliyokuwa ikifunguka kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa, sasa inafunguka kabla hujavua koti. Hakuna mashine hata moja iliyotupwa. Faili zetu zote zilihamishwa, na programu mpya ya kuandikia inazifungua, ingawa mwanzoni ilitusogezea mistari na cheti cha mtoto kikaingia ukurasa wa pili kuanzia miguuni. Printa ilitukataa siku tisa. Siku ya kumi fundi aliiambia jina lake upya, ikakubali. Tulipiga makofi mpaka watu wa kaunta wakapanda kuangalia kuna nini.

Mafanikio makubwa ni haya yafuatayo. Bata ana dirisha moja jeusi ambalo fundi hulitumia kumpa amri. Ukiandika neno la siri humo, hakitokei kitu. Si nyota, si nukta, si chochote. Mdogo wetu kuliko wote alibonyeza, akabonyeza kwa nguvu, akageuza kibodi akaikung'uta, kisha akatangaza imekufa. Fundi akaeleza kwamba mfumo unapokea, ila hauonyeshi. Akasema kwenye ofisi nyingine hapo ndipo wachapaji wazee walipokwama. Shangazi alicheka mpaka akashika meza.

"Miaka yote nawafunika mikono kwa kitambaa," alisema. "Leo mashine imejifunika yenyewe."

Wote sita tuliingia kwa mara ya kwanza. Fundi aliandika kwenye taarifa yake kwamba hajapata kuona hivyo. Taarifa hiyo iko ofisini kwako, mgeni rasmi, huenda bado hujaifikia.

CHANGAMOTO

Changamoto ndogo tutazisema haraka. Mkono bado unakwenda kona ya chini kushoto kutafuta kile kitufe cha kuanzia, kama mtu aliyehama nyumba lakini miguu inapinda kwenye uchochoro wa zamani. Mlio wa asubuhi hatunao. Bata anaamka kimya kama mtu mwenye deni. Kilima tulikiomba, fundi akatuwekea picha ya ziwa. Ni zuri. Tunalizoea.

Sasa changamoto kubwa.

Miezi mitatu iliyopita alikuja mtahini kutupima kwenye mfumo mpya. Alileta kompyuta yake mwenyewe, akatuita mmoja mmoja chumba cha pili, akampa kila mtu karatasi yenye neno la siri la kufungulia mtihani. Neno lilikuwa *chumba11*. (Limekwisha kubadilishwa, usiwe na wasiwasi.) Watano tulifungua. Shangazi aliandika mara tatu, akakataliwa mara tatu, mashine ikajifunga. Mtahini hakumuuliza kitu. Aliandika: "Hana uwezo wa kutumia mfumo mpya." Shangazi akarudi mezani, akakaa, akaendelea kuchapa kwenye mfumo huohuo ambao alikuwa ameambiwa hauwezi. Tulipomuuliza imekuwaje alisema vidole vimezeeka. Tulimwamini, na hilo ndilo linalotuuma. Mtu aliyetufundisha kutazama kidole kilichopotea, sisi hatukufunua kitambaa kuangalia.

Mwezi mmoja baadaye akaja kaunta dereva mstaafu wa lori. Alitaka cheti chake cha kuzaliwa apate pasi ya kusafiria, binti yake amejifungua ng'ambo na yeye hajamwona mjukuu. Tukaandika namba yake kwenye kitafutio cha Bata: 117, mwaka 1961. Bata akajibu hakuna. Tukarudia. Hakuna. Mzee wa watu akasema kwa upole, "Mwanangu, nimekuja kwa miguu yangu. Nimezaliwa."

Zamani hatukuwa tukitafuta kwa mashine. Tulikuwa tukimuuliza Shangazi, naye anasema folda ya tatu, karibu na mwisho. Siku hiyo alikuwa amekwenda kliniki ya macho, ndiyo maana tuliuliza mashine. Basi tukafungua folda ya mwaka ule, faili moja baada ya nyingine, mpaka tukamkuta. Alikuwamo, na jina la mama yake, na uzito wake. Lakini yule wa meza ya dirishani akasogeza uso kwenye skrini. Bata hana ule mwandiko wetu wa zamani wa herufi, ametupa wake, na katika mwandiko wake namba moja ina kofia na kikanyagio, na herufi ya mwanzo ya neno *lala* ina mkia uliokunjwa kama kulabu. Mwaka wa dereva ulikuwa na kulabu mbili. Haukuandikwa 1961. Uliandikwa l96l.

Tukafungua faili nyingine. l958. Nyingine. l943. Kila mtu aliyezaliwa karne iliyopita na kuchapwa na Shangazi alizaliwa mwaka unaoanza na herufi.

Aliporudi tukamwonyesha. Akavaa miwani mipya. "Hiyo ni moja," alisema.

"Siyo moja, Shangazi," alisema mpwa wake. "Ni ile ya *lala*."

Akauliza kwani kuna nyingine.

Mgeni rasmi, huenda hujapata kukaa mbele ya taipureta za kwanza za chumba hiki. Hazikuwa na kitufe cha moja. Namba zilianzia mbili. Waliozitengeneza waliona herufi ile inafanana na moja, wakaokoa kitufe, na kila mchapaji alifundishwa kuitumia. Shangazi alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa. Sisi tulikuja baadaye, tukakuta mashine zenye moja, naye alipotufundisha kwa kitambaa tulikuwa tunatazama vidole vyetu, si vyake. Kwenye karatasi moja yake na moja yetu zilifanana. Kwenye skrini ya kilima zilikaribiana. Neno lake mwenyewe la siri lina moja ndani yake. Aliliweka kwa herufi, akaingia kwa herufi, kitasa na ufunguo vikapatana kila asubuhi. Kwenye mashine ya mtahini tu ndipo vilipokataana. Aliandika *chumball*, kwa usahihi, mara tatu, bila kuona, kama alivyofundishwa.

Aliyeshindwa siku ile ni nani? Hatutaki kujibu. Tunataka mambo yanyooke.

Tulimwita fundi. Akasema amri moja tu inatosha kugeuza herufi zote zilizo katikati ya namba ziwe moja, kazi ya dakika chache. Shangazi akamshika mkono kabla hajabonyeza. Akamkumbusha kwamba madaftari ya zamani yalipewa herufi, na kwamba liko Daftari l, la herufi ileile ya *lala*. Tulikuwa tumeagizwa tuandike herufi ya daftari na namba bila kuacha nafasi. Kwa hiyo mtu wa 171 ameandikwa l7l, na mtu wa 71 katika Daftari l naye ameandikwa l7l. Ni watu wawili. Mmoja, kwa mfano, ni mwanamke aliye hai anayeuza vitambaa, mwingine ni mtoto aliyeishi siku nne. Amri ile ingewafanya wawe mtu mmoja.

Fundi akauliza atawatenganishaje. Shangazi akamwambia Daftari l liliandikwa na karani wa mkono wa kushoto, ambaye alikuwa akianza na jina la mama kabla ya la baba, naye Shangazi alichapa alivyokuta. Fundi akafurahi, akasema basi hiyo ndiyo kanuni, mashine itaifuata. Shangazi akatikisa kichwa. Karani yule alikuwa mtu wa kuugua ugua, wiki nyingine akishikiwa kalamu na wenzake, na wale walianza na baba kama watu wote. Wiki zipi? Anazijua. Hazikuandikwa popote, ila alizichapa yeye.

Tangu hapo anakaa na fundi kila asubuhi. Mashine inamletea, yeye anasema moja, au anasema daftari. Kumbukumbu zenye shaka ni elfu thelathini na nne. Kwa miezi miwili amemaliza elfu tatu na mia nane. Dereva alipata cheti siku ileile, akapata pasi. Ametutumia picha ya mjukuu. Ana kichwa cha babu yake, lakini ni mzima.

Wiki tatu zilizopita ikaja barua. Inasema kwamba, kwa kuzingatia matokeo ya mtihani, Shangazi ahamishiwe ghala la karatasi, chini, kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao. Tuliandika kueleza. Tukajibiwa kwamba matokeo ni ya mwisho. Barua zote mbili zina saini yako, mgeni rasmi. Tunajua unatia saini barua nyingi, nasi ndio tunaozichapa.

Shangazi amekikunja kile kitambaa cha kijani, ambacho siku zote kinaning'inia nyuma ya kiti chake, akakitia mkobani. Huo ndio usemi wake wote.

MAOMBI

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuna maombi matatu.

La kwanza, dirisha lifunguliwe. Hili si fumbo. Ni lile la kulia, lililoganda kwa rangi, na sasa limepakwa tena kwa ajili ya ujio wako.

La pili, fundi aendelee kuja walau mara moja kwa wiki, maana bado tunajifunza. Mtu mzima akihama nyumba hufika siku moja, ila inamchukua mwaka kukumbuka swichi iko upande gani.

La tatu. Tunaomba Shangazi abaki kwenye kiti chake. Hatuombi huruma; tumepiga hesabu. Kumbukumbu zilizobaki, kwa mwendo wake, ni kazi ya miezi kumi na sita. Muda wake wa kustaafu umebaki miezi kumi na tisa. Miezi mitatu inayozidi ataitumia kutusomea wiki za karani yule, tuziandike, ili akiondoka aondoke kama mtu aliyekabidhi na si kama mtu aliyeondolewa. Akishuka ghalani, ataondoka na watu elfu thelathini kichwani, na hapa juu hatutakuwa na wa kumuuliza nani ni nani. Wengine wao watakuja kaunta kwa miguu yao.

Kama ni lazima apimwe, apimwe upya. Sisi tutasimama ukutani kama siku ile ya kipanya.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakuombea afya, safari njema ya kurudi, na macho yasiyochoka mbele ya karatasi. Mungu akupe watu wa kukusahihisha bila kukuaibisha, kama alivyotupa sisi mmoja. Nyumbani kwako wawe wazima, na anayezaliwa na aandikwe sawasawa.

Nakala uliyoshika, ukiacha maneno haya tuliyoyaongeza baadaye, ameichapa Shangazi mwenyewe, jana, kwenye Bata. Tulimwambia ni risala ya kawaida, na kwa kuwa macho yake ni ya karatasi na huchapa bila kusoma maana, hatujui alifahamu alipofika wapi. Alipofika kwenye ile barua alisimama, akaenda kunywa maji, akarudi, akamaliza. Tunakuomba uiangalie. Ukiacha mifano, kila moja iliyomo ina kofia na kikanyagio. Amejifunza kitufe hicho katika umri wake, kwa wiki tatu, kidole kimoja kikienda mahali ambapo hakijawahi kwenda.

Isipokuwa mstari wa mwisho. Huo tulimwomba tuuchape sisi, kwa pamoja, kwa jinsi alivyofundishwa.

Ni sisi,
Wachapaji wa Chumba namba ll